"Hatujalipwa" Si Takataka: Nani Anaandika Muhtasari wa Vikao Vyetu?

Mwaka jana nilialikwa katika mkutano wa wadau uliohusu mafunzo ya wanafunzi kwa vitendo. Ukumbi ulijaa: wanafunzi kutoka vyuo kadhaa, maofisa wa halmashauri, wawakilishi wa waajiri na wahadhiri wachache wa aina yangu. Mwezeshaji alituonyesha mraba wa QR ukutani, akatuomba tuuchanganue kwa simu, kisha akauliza swali moja: mnauonaje utaratibu wa sasa? Majibu yakaanza kumiminika kwenye ukuta, yakipita mbele ya macho yetu kwa nuru ya projekta. Neno moja lilijirudia kuliko mengine yote, nalo lilikuwa "Hatujalipwa."

Haikupita saa moja, ripoti ikasomwa. Tuliambiwa kwa fahari kwamba haikuandikwa na mkono wa mtu; mfumo wenyewe ulikuwa umepokea maoni, ukayachambua, ukayapanga katika makundi na kuandaa muhtasari. Muhtasari huo ulisema washiriki wengi wanaridhika na utaratibu, ila wanapendekeza maboresho ya mawasiliano baina ya vyuo na waajiri. Neno "Hatujalipwa" halikuwamo, wala posho haikutajwa mahali popote. Nilinyoosha mkono nikauliza limekwenda wapi. Nilijibiwa kwa upole: "Daktari, mfumo ndio umechakata. Sisi hatujagusa kitu."

Makala haya yanahusu jibu hilo. Naamini ni miongoni mwa majibu ya hatari zaidi yanayoingia katika utumishi wa umma kwa wakati huu, na hatari yake inatokana na kwamba anayelitoa mara nyingi ni mtu mwaminifu.

Wakati wa chai nilimtafuta kijana aliyeandika msimbo wa mfumo ule. Alinisalimia kwa heshima, akafungua kompyuta yake bila kinyongo, nasi tukapitia mistari pamoja. Tulipofika katikati tulikuta sharti moja fupi: jibu lolote lenye maneno pungufu ya matatu liondolewe kabla ya uchambuzi. Nilimuuliza sababu. Alisema, "Shikamoo nyingi huwa zinaandikwa, Daktari, na watu wengine wanaandika 'sawa', 'poa', au wanajaribu tu. Huo mstari niliukuta kwenye mfano wa Kiingereza, nikauacha. Majibu mafupi kwa kawaida ni takataka." Nikamuuliza kama "Hatujalipwa" ni takataka. Alilitazama neno lile kwa muda. "Hapana," akasema. "Hiyo ni sentensi nzima."

Naam, ni sentensi nzima. Ina kiima, ina ukanushi, ina wakati na ina kauli ya kutendwa. Mwingereza anahitaji maneno manne au matano kusema jambo ambalo mwanafunzi wetu amelisema kwa neno moja, tena kwa ukamilifu. Sharti lililotungwa kwa ajili ya lugha nyingine lilikuwa limefagia zaidi ya robo ya majibu ya ukumbi ule, na kilichofagiwa hakikuwa maoni ya kubahatisha. Lilikuwa lalamiko lenyewe. Waliobaki ni wale walioandika kwa urefu, na katika nchi yetu anayeandika kwa urefu mbele ya wakubwa mara nyingi ni yule anayesifu.

Kijana aliurekebisha mstari ule kwa dakika chache. Ripoti, hata hivyo, ilikuwa imekwishatumwa, kwa sababu msimbo uleule uliochambua ndio ulioituma kwa barua pepe kwa wahusika wote. Nilipouliza ni nani mwenye mamlaka ya kuirudisha, hakupatikana. Mwezeshaji alisema ni kazi ya watu wa teknolojia, na watu wa teknolojia wakasema ni kazi ya waandaaji. Waandaaji nao wakasema ripoti imeshatoka.

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea na hoja, ni vyema tuelewane jinsi mnyororo huu unavyofanya kazi, maana wengi wanaousifu na wengi wanaouogopa hawajautazama. Programu za mikutano shirikishi, zile za kupigia kura na kuandika maoni papo kwa papo kwa simu, hupokea majibu na kuyahifadhi katika seva za kampuni inayozimiliki, ambazo aghalabu ziko nje ya mipaka yetu. Baadhi ya programu hizi zina mlango maalumu ambao programu nyingine inaweza kuutumia kuchota data. Taasisi yenye mtaalamu wake huandika msimbo wa kukaa mlangoni hapo. Kila jibu jipya linapoingia, arifa hutumwa, msimbo hulipokea, hulisafisha, hulipanga, hulihesabu, hulimimina katika kiolezo cha ripoti na kuisambaza. Baina ya kidole cha mwananchi na meza ya mkurugenzi hakuna mtu anayesoma.

Katika mnyororo huo kuna sehemu nyingi za kuteleza, na yeyote aliyewahi kuujenga anazifahamu. Msimbo ukichelewa kuthibitisha kwamba umepokea arifa, mtumaji huituma tena. Kama haukuandikwa kuzitambua arifa zilizojirudia, jibu moja huhesabiwa mara mbili. Anwani inayopokea arifa isipokagua saini ya mtumaji, yeyote anayeijua anaweza kuingiza majibu ambayo hakuna mtu ukumbini aliyeyaandika. Na hata kila kitu kikienda sawa, bado kuna suala la lugha. Programu inayohesabu maneno kwa kutazama herufi tu itayaona "kisima", "visima", "kisimani" na "visimani" kuwa mambo manne tofauti. Kijiji kizima kinaweza kulia maji, na picha ya maneno ikaonyesha kwamba kinachosemwa zaidi ni "mradi". Ukitafuta taarifa za "taka" kwa ajili ya idara ya usafi bila uangalifu, utaokota kila aliyeandika "tunataka", yaani utawaweka wenye madai katika fungu la uchafu. Wanafunzi wangu hucheka ninapowapa mfano huu. Kicheko huisha ninapowaambia kwamba bajeti hupangwa kwa ripoti za namna hiyo.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Tumezoea kuitumia methali hii kwa wanasiasa. Nadai kwamba leo mwamba ngoma ni mwandishi wa msimbo, na kinachomtofautisha na wale wa zamani ni kwamba mara nyingi hajui kuwa anavuta. Kuamua jibu gani ni fupi mno, maneno gani ni visawe na makundi yawe mangapi ni kuamua nani amesikika. Uamuzi huo ni wa kisiasa kwa maana kamili ya neno hilo, hata ukifanywa usiku wa manane na kijana aliyekopi mfano kutoka mtandaoni ili awahi semina ya asubuhi.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, nami nitakuwa mdhalimu nisipoitaja. Wanasema: je, makatibu wa zamani hawakuchakachua mihtasari? Walichakachua. Nimekaa katika vikao ambavyo muhtasari uliandikwa kabla ya kikao kuanza. Nimewaona makatibu walioandika "wajumbe waliafiki kwa kauli moja" ilhali nusu ya wajumbe walitoka wakibamiza mlango. Tena mashine haichoki, haipendelei mjomba wake, na huweza kupokea maoni ya mtu mwenye haya ambaye asingethubutu kushika kipaza sauti mbele ya mkuu wake. Yote hayo nayakubali, na ndiyo maana sisemi turudi kwenye daftari na kalamu.

Lakini tutazame tofauti. Katibu alikuwa na jina, na saini yake ilikuwa chini ya ukurasa. Zaidi ya hayo, utamaduni wetu wa vikao, kuanzia serikali ya kijiji hadi baraza la chuo, una ajenda ambayo watoto wa mjini huiona kuwa kupoteza muda: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo ndipo mzee mmoja husimama akasema, "Mwenyekiti, ukurasa wa pili, mimi sikusema hivyo." Baada ya hapo huja yatokanayo, ambapo waliosema huuliza yale waliyoyasema yamefikia wapi. Ajenda hizo mbili ndizo zinazomrudishia msemaji maneno yake ayakague kabla hayajawa historia. Mnyororo wa kiotomatiki tulioujenga umezikata zote mbili, kisha tukauita ufanisi.

Hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Mwaka 2017 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilikusanya maoni ya umma kuhusu kufuta kanuni za usawa wa mtandao. Mfumo wake uliruhusu maoni kuletwa na programu nyingine, kwa wingi na kwa mkupuo. Yalikuja zaidi ya milioni 22. Mei 2021 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York alitangaza matokeo ya uchunguzi wake: karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya kughushi. Kampeni iliyogharamiwa na kampuni za huduma ya intaneti ilihusika na takriban milioni 8.5, mengi yakitumia majina ya watu halisi ambao hawakuombwa ridhaa. Upande wa pili, mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye umri wa miaka 19 alipeleka zaidi ya milioni 7.7 kwa kutumia programu, kwa majina ya kubuni. Pande zote mbili zilidanganya, na mfumo ulipokea kila kitu kwa adabu ileile. Wananchi halisi waliokaa wakaandika kwa akili zao walizama katika bahari hiyo. Mlango uliokusudiwa kurahisisha ushiriki ulikuwa umeufanya ushiriki usiwe na maana.

Na kwa yule anayedhani kwamba "mfumo umesema" ni mwisho wa mjadala, nitamkumbusha Uingereza. Kwa zaidi ya muongo mmoja wasimamizi wa ofisi za posta walishtakiwa kwa upotevu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Walisema hawajaiba, wakajibiwa kwamba mfumo hauna kasoro. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 ili kuzifuta hukumu hizo kwa pamoja. Sisemi kwamba ripoti ya semina ni sawa na kifungo. Nasema kwamba tabia ya akili ni ileile: binadamu akisema kinyume cha mashine, binadamu ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Je, inawezekana kufanya vizuri? Inawezekana, na mfano upo. Mwaka 2015 Taiwan ilipokuwa ikijadili namna ya kuisimamia Uber, jukwaa la vTaiwan lilitumia programu iitwayo Polis. Watu waliandika kauli fupi, na wengine wakazipigia kura ya kukubali, kukataa au kupita. Hapakuwa na kitufe cha kumjibu mtu, hivyo matusi yalikosa pa kukaa. Programu iliwapanga washiriki katika makundi kwa kadiri kura zao zilivyofanana, na makundi hayo yalionyeshwa kwa washiriki wenyewe, wakajiona wamesimama wapi na wanakubaliana na wapinzani wao katika lipi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Yaliyopatikana yalipelekwa katika kikao cha wadau kilichorushwa moja kwa moja mtandaoni, kikawa msingi wa mazungumzo. Hapo mashine ilifanya kazi nyingi kuliko ya kwetu, lakini haikupewa neno la mwisho, na waliosema hawakuondolewa ukumbini.

Jirani zetu wa Kenya nao wametupa somo la aina nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Ibara ya 10 kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Mahakama ya Rufani ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, hapo tarehe 31 Julai 2024, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba Bunge halikutoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Sina nia ya kuamua ugomvi wa majaji. Ninachotaka msomaji akione ni swali lenyewe: mwananchi akishasema, je, anadaiwa maelezo? Kama swali hilo ni zito kiasi cha kufika mahakama ya juu kabisa pale ambapo wabunge, watu wenye majina na majimbo, ndio waliopima maoni, litakuwaje pale ambapo aliyeyatupa ni mstari wa msimbo usiojulikana na mtu?

Kuna jambo moja zaidi ambalo watumishi wa umma wanalielewa kuliko mimi, nalo ni hofu. Skrini husema majibu hayana majina. Inaweza kuwa kweli ndani ya programu yenyewe. Lakini msimbo ulioandikwa pembeni unaweza kuchukua orodha ya waliojisajili, ukailinganisha na muda ambao kila jibu liliingia, na jina likapatikana. Anayefanya hivyo huenda ana nia njema tu ya kujua nani hajajibu. Ofisa aliyemkosoa bosi wake akiamini hajulikani hataulizwa kuhusu nia hiyo. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo haitambui kisingizio cha "ilikuwa semina tu." Taarifa ya mtu inakusanywa kwa lengo linalojulikana, na kuigeuza kuwa kitu kingine bila yeye kujua ni uvunjaji wa imani hata kabla haujawa uvunjaji wa sheria.

Nadai nini basi? Nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila ripoti iliyotokana na mfumo wa namna hii iandike katika ukurasa wake wa kwanza: majibu yaliyopokelewa ni mangapi, yaliyoondolewa ni mangapi, na yameondolewa kwa sharti gani. Mistari mitatu inatosha. Laiti ripoti ya mkutano wetu ingekuwa nayo, mtu yeyote angeuliza kwa nini zaidi ya robo ya ukumbi haikuhesabiwa.

Pili, majibu ghafi yahifadhiwe, yaondolewe vitambulisho vya watu, na washiriki wapewe nafasi ya kuyasoma. Msimbo uliotumika uambatishwe. Kama ni wa kuhudumia umma kwa fedha za umma, sioni sababu ya kuuficha.

Tatu, awepo mtu mwenye jina na cheo anayetia saini kwamba ameyasoma majibu na muhtasari, na kwamba anaukubali. Ripoti isitumwe kwa mtu yeyote kabla ya saini hiyo na kabla ya muhtasari kusomwa mbele ya waliosema. Mashine iandae rasimu kwa sekunde tano kama inaweza. Sisi tutumie dakika kumi kuithibitisha.

Nne, mfumo ujaribiwe kwa Kiswahili kabla ya kutumiwa kwa Waswahili. Uwekewe majibu ya neno moja, yenye ukanushi, yenye viambishi, yaliyoandikwa kwa haraka na kwa makosa ya vidole. Na wasio na simujanja, au walioishiwa bando, wapewe karatasi, kisha karatasi hizo ziingizwe katika hesabu ileile.

Kwa wanafunzi wangu wa kompyuta: mstari mnaoukopi una mwandishi, na mwandishi huyo alikuwa na watu wake na lugha yake akilini. Mkiuacha bila kuuhoji, mmekubali awaamulie nani asikike Singida na Lindi. Kwa wanaharakati: acheni kupigania viti vya mbele tu katika mikutano ya wadau. Ombeni kuuona msimbo. Kwa watumishi wa umma mnaoandika hadidu za rejea: masharti haya manne ni aya moja ya ziada, na aya hiyo itawalinda ninyi wenyewe siku mtakapoulizwa mbele ya mkaguzi nani aliamua.

Kijana yule alinipigia simu majuma mawili baadaye. Aliniambia amekwisharekebisha mfumo kwa ajili ya mikutano inayokuja, na kwamba sasa jibu la neno moja linahesabiwa. Nilimshukuru kwa dhati, kwa kuwa ndiye peke yake katika mnyororo ule aliyekubali kosa lake. Nilimuuliza kuhusu ripoti ya kwanza. Alisema aliwaandikia waandaaji, hakujibiwa.

Hivyo ripoti ile ipo, katika majalada ya ofisi ambazo zitaamua utaratibu wa mwaka ujao. Inasema wanafunzi waliridhika.